Maswali Yenu: Maji Baridi, Mwenzako na Mkanda Mmoja wa Picha

Wasomaji wangu, toleo lililopita tulitoa picha moja ya nyeusi na nyeupe, mwanamke kalala kifudifudi kwenye ubao wake wa kupanda mawimbi huko Thurso, kaskazini kabisa ya Scotland, kofia ya mpira imembana kichwa mpaka yanaonekana macho, pua na mdomo tu, na nyuma yake wimbi ndo linaanza kuinuka. Picha nilipiga mimi, huyo ni shoga yangu, na nilitumia kamera ya mkanda. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko mwezi wowote tangu nipewe ukurasa huu na nimefurahi kweli, sikujua kama watu wetu wengi hivi wako huko kwenye maji ya baridi. Nimechagua tano, zingine nimezifupisha ila maneno ni yenu.

"Shikamoo anti. Mimi ni wa Mombasa, nasoma uuguzi Aberdeen, mwaka wa pili. Nina rafiki yangu wa Kisumu tulijuana darasani, tumeanza kupanda mawimbi hapa ufukwe wa mjini tangu mwaka jana na sasa tunataka kwenda Thurso Januari. Nimepata kamera ya majini, Nikonos V ya mtumba, ile ya rangi ya chungwa, na mikanda mitatu. Niingie nayo majini nimpige mwenzangu kwa karibu au nibaki nchi kavu? Yeye anataka niingie. Mimi naogopa kidogo ila sijamwambia." (Mwanafunzi, Aberdeen)

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo neno la mwisho, kwamba unaogopa na hujamwambia. Mwambie leo, kabla hamjatafuta hata nauli. Kwenye maji baridi mtu haendi na rafiki ili wasindikizane tu, anaenda naye kwa sababu baridi inakuibia akili kabla hujajua umeibiwa, na wa kukushtua ni mwenzako, sasa kama mnafichana mkiwa nchi kavu na joto lenu, huko majini mtaambiana nini?

Halafu Thurso yenyewe. Lile wimbi maarufu, la Thurso East, sio la kujifunzia. Linavunjika juu ya mwamba bapa, yale mawe ya Caithness ambayo zamani yalichimbwa na kupakiwa melini kwenda kutandika barabara za miji, na mto Thurso unamwaga maji yake hapo hapo, maji ya kahawia kama chai ya rangi kwa sababu yamepita kwenye mboji huko juu, kwahiyo mwamba uko chini yako na huuoni. Wanaoliweza wanalipenda sana, mwaka 2006 liliwahi kuletewa mashindano ya kimataifa, lakini nyie wa mwaka mmoja nendeni Dunnet, ufukwe mrefu wa mchanga upande wa mashariki wa mji, ukianguka unaanguka kwenye mchanga. Pigeni hesabu ya mwanga pia, mwanzoni mwa Januari jua kule linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, ukichelewa kifungua kinywa umepoteza nusu ya siku.

Sasa baridi. Bahari kule Januari ni nyuzi 7 hivi. Kwetu Mombasa na Tanga ikipoa sana wakati wa kusi ni kama 25 na bado bibi zetu wanasema maji yana baridi leo. Maji yananyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa ya baridi ile ile, na yanaanza na mikono, damu inakimbilia kifuani kulinda moyo, vidole vinabaki yatima. Sisi tuna kipimo chetu, umwambie na mwenzako: gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, mkono ule ule, hata ndani ya glovu. Ikikataa, mnatoka. Sio wimbi moja la mwisho, mnatoka. Dalili zingine ni kujikwaa, kuangusha vitu, maneno kuburuzika, na kununa bila sababu, hii ya kununa watu hawaijui, mtu mcheshi akianza kukujibu kwa mkato jua baridi imeshaingia ndani.

Nikueleze kilichonikuta manake ndo sababu ya yote ninayokwambia. Msimu wetu wa pili wa baridi, nilikuwa majini na kamera, maji ya kifua, shoga yangu anapanda. Nilimtazama kupitia kidirisha cha kamera karibu nusu saa nzima. Akakosa wimbi, akakosa la pili, akakosa la tatu, yeye ambaye hakosi, na mimi nikashukuru kwamba ametulia manake mwanga ulikuwa mzuri na nilikuwa napata ninachotaka. Tulipotoka alishindwa kuvua kamba ya ufunguo wa gari shingoni. Vidole vimekaa kama vijiti, anaisukuma ile kamba na kiganja kizima inarudi, anaisukuma inarudi, na maneno yanamtoka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikafungua gari mimi, nikamvua, nikamkausha, nikamfunga blanketi mbili na kumnywesha chai ya sukari kidogo kidogo, taratibu, sio kumkimbiza kwenye maji ya moto wala kumsugua mikono na miguu, kwa sababu mwili unaendelea kupoa ndani hata baada ya kutoka majini na ukiukurupusha unaweza kumwangusha. Alikuwa sawa baada ya saa moja na ushee. Wiki mbili baadae nikasafisha ule mkanda. Fremu ya 19 mpaka 27 yote yamo, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo uko wazi, ubao umekaa upande na haunyooshi. Kamera iliona kila kitu. Mimi niliyeishika sikuona.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Mkanda una fremu 36, kila nikipiga 6 nashusha kamera, namtazama kwa macho yangu haya mawili, namwita, ananionyesha kidole gumba na cha mwisho na mimi namwonyesha vyangu. Mkanda ukiisha tumemaliza, manake majini huwezi kubadilisha mkanda hata ungetaka, na hapo ndo napenda mkanda kuliko dijitali, kadi ya dijitali inakuambia bado zipo elfu mbili, mkanda unakuambia toka. Lakini fremu ni saa ya pili tu, ya kwanza ni vile vidole, vikikataa fremu ya 8 basi ni ya 8.

Kwahiyo swali lako, majini au nchi kavu. Lenzi ya Nikonos ya milimita 35 ukisimama nayo ufukweni mwenzako atakuwa kinukta, hutapata kitu. Na kwenda nyuma ya mawimbi kuogelea na kamera safari ya kwanza sikuruhusu. Kuna katikati yake: simama kwenye maji ya kiunoni pale anapomalizia wimbi, miguu kwenye mchanga, na usimame pembeni ya njia yake kamwe sio mbele, ubao ukimponyoka unakuja na nguvu ya wimbi zima. Tafuteni mtu wa tatu abaki nchi kavu na simu, kama hayupo basi mwambieni mwenyeji wenu mnaingia saa ngapi na mnatoka saa ngapi. Namba ni 999, unasema unataka Coastguard, walinzi wa pwani.

Kamera nayo. Nikonos ni mjukuu wa Calypso, kamera iliyobuniwa Ufaransa kwa ajili ya wapiga mbizi wa Jacques Cousteau, Nikon wakaichukua wakatoa Nikonos ya kwanza 1963, hiyo V yako ilitoka 1984 na mwaka 2001 wakaacha kabisa kuzitengeneza. Maana yake hata kama yako ni ya mwisho mwisho ina miaka zaidi ya 20, na mpira wa kuzuia maji pia una miaka hiyo. Badilisha mipira yote, wa mlango wa nyuma, wa lenzi na wa kifuniko cha betri, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, isiwe ya kujaa, halafu izamishe kwenye beseni bila mkanda uone kama kuna povu linatoka. Unywele mmoja ukilala kwenye ule mpira, au chembe moja ya mchanga, kamera imekwisha. Weka betri mpya, baridi inaua betri, na zikifa majini zungusha kitufe cha spidi kwenye M90, hiyo inafanya kazi bila betri.

Haina kurekebisha ukali wa picha kwa macho, umbali unakadiria mwenyewe. Ukiweka tundu la lenzi f/8 na umbali mita 5, kila kitu kuanzia mita 2 na nusu mpaka upeo wa macho kitakuwa safi, utaona vile vijino vyekundu vya mbele ya lenzi vinakuonyesha mwanzo na mwisho. Weka hivyo uache, usihangaike na vitufe na glovu. Shida ni mwanga, Januari mawingu ya kule ni mazito na f/8 inataka mkanda wa kasi, unaoshika mwanga haraka, kwahiyo chukua wa kasi ya 400 kama HP5 Plus, uweke kamera kwenye 1600 na maabara waambie wausukume hatua mbili, yaani wausafishe kwa muda mrefu zaidi. Chembe zitaonekana na mimi nazipenda, bahari ile ina chembe hata kwa macho.

Ukitoka majini usikimbilie kufungua kamera ndani ya gari la joto. Isuuze na maji baridi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache ipate joto taratibu ndani ya mfuko, la sivyo lenzi na mkanda vitapata ukungu. Siku ya kufungua kausha mikono na nywele kabisa na uielekeze mlango chini. Na ukivuta mkanda kwenye baridi kali vuta polepole, ukivuta kwa haraka unatoa cheche ndogo na kwenye picha zinatoka kama radi. Mwanangu andika tena mkirudi, na umwambie huyo wa Kisumu mimi ndo nimesema usiende nyuma ya mawimbi.

"Dada, habari za huko. Binti yangu yupo Cornwall, Uingereza, kaolewa huko, na sasa yeye na wifi yake wanaingia baharini na mbao mwezi wa pili, ananitumia picha anacheka. Mimi silali. Hapa Tanga bahari ipo, ya moto, hakuwahi hata kuipenda. Hii baridi haiwezi kumsimamisha moyo?" (Mama, Chumbageni)

Dada yangu, nzuri, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni wa Tanga pia na mama yangu aliniuliza swali hilo hilo, kwahiyo nakujibu kama ningemjibu yeye.

Hofu yako ina msingi. Mtu akiangukia maji ya nyuzi 9 au 10 bila maandalizi, dakika moja mpaka tatu za kwanza ndo mbaya kabisa, pumzi inamtoka bila kutaka, anahema kama aliyekimbizwa, na akivuta pumzi hiyo kichwa kikiwa chini ya maji ananyweshwa. Moyo nao unapigishwa mbio, mwenye shida ya moyo lazima amuone daktari kwanza. Lakini mwanao hayuko na kanga majini. Ana nguo ya mpira, wenyewe wanaiita wetisuti, na ile haifanyi kazi kwa kuzuia maji kama wengi wanavyodhani, maji kidogo yanaingia, kinachomkinga ni vile vipovu vidogo vidogo vya gesi vilivyofungwa ndani ya mpira wenyewe. Aliyeligundua hilo ni mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, mwaka 1952, akifikiria wapiga mbizi wa jeshi la majini. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaingia na masweta ya sufi.

Usimwambie aache. Muulize maswali, akiyajibu vizuri utalala. Muulize nguo yake ni ya milimita ngapi, mwezi wa pili iwe 5 kwenye kifua au zaidi, na viatu, glovu na kofia juu yake. Muulize anaingiaje, jibu zuri ni taratibu, anajimwagia uso kwanza, anasubiri pumzi itulie ndo anaenda. Muulize kama ufukwe una waokoaji, wengi wa RNLI, shirika la uokoaji baharini, wanakaa msimu wa joto, wakati wa baridi fukwe nyingi hazina mtu, kwahiyo mwokoaji wake ni huyo wifi, na wifi wake ni yeye. Wasiingie mmoja mmoja kamwe. Na muulize masikio, maji baridi na upepo vikimpiga miaka mingi mfupa wa ndani ya sikio unakua na kuziba njia, kuna vizibo vya masikio, avae.

Kuhusu kwamba hapa hakuwahi kuipenda bahari, hata mimi. Niliishi hatua mia mbili kutoka bahari ya Tanga na nilikuwa naitazama tu, nimejifunza kuipenda nikiwa mbali, kwenye maji ambayo hayafanani nayo hata kidogo isipokuwa chumvi. Labda na yeye hivyo. Mtumie pilipili manga ya nyumbani, apike uji wa kuutia kwenye chupa ya chai, ukitoka majini hakuna kinachoupita.

"Anti mambo, niko Cape Town miaka sita, mimi na mshkaji wangu wa Temeke tunapanda mawimbi Kommetjie. Nampiga picha kwa mkanda wa rangi lakini kila mara uso wake unatoka mweusi tii, hakuna macho, hakuna kitu, povu nyeupe limekula picha yote. Washkaji wengine wazungu wanatoka fresh. Fundi wa maabara kasema kamera mbovu. Ni kweli?" (Mbeba kamera, Cape Town)

Poa mdogo wangu. Kamera yako sio mbovu na mshkaji wako hana shida, naomba hili ulishike vizuri manake limewaumiza watu wetu miaka mingi.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye povu jeupe na wingu jeupe kinasema mwanga mwingi mno huu, kinabana, povu linatoka kijivu na mwenzako ambaye yuko ndani ya nguo nyeusi na kofia nyeusi na ngozi yake ya asili anatumbukia kizani. Mzungu anaponea chupuchupu kwa sababu weupe wa uso wake uko karibu na wa hilo povu, basi. Ni hesabu iliyokosewa na dawa yake ni rahisi: usipime povu, pima uso wake. Mkiwa bado mchangani, kabla ya kuingia, sogea karibu mpaka uso wake ujaze kidirisha, pima, halafu kwa ngozi yetu punguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga, kutoka kwenye kipimo hicho, weka kwa mkono, na usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Ukiona uvivu hata kupima uso, pima jiwe la kijivu lililoloa kidogo na uongeze hatua moja.

Utaogopa kwamba povu litaungua. Mkanda wa negativu, ambao nyeupe hutokea nyeusi na nyeusi hutokea nyeupe, hauungui kirahisi hivyo, mkanda kama Portra 400 unavumilia hatua mbili za mwanga wa ziada na bado fundi anakuvutia mawimbi kwenye povu, ila mwanga usioingia hakuna fundi wa kukurudishia. Kwahiyo kosea upande wa mwanga, kila siku. Na ukae upande ambao jua linampiga uso, asubuhi Kommetjie jua linatokea nyuma ya milima mgongoni kwako ukitazama bahari, hapo ndo saa yako, jioni linazama baharini mbele yako na kila mtu anakuwa kivuli.

Picha ya mtu wetu kwenye wimbi ambayo macho yake yanaonekana, nazitaka kwenye gazeti hili. Nitumie.

Nikukumbushe tu, upande wako huo wa Atlantiki kiangazi ndo maji yanapoa zaidi, upepo wa kusini mashariki ukivuma unasukuma maji ya juu kwenda nje na ya chini yanapanda, siku ya jua kali kabisa unaweza kukuta nyuzi 11. Watu wanavaa nguo nyembamba kwa kuangalia anga.

"Assalam aleikum bibie. Sisi wa Salalah, huku kusini mwa Oman, tunacheka mkisema Scotland, je maji yetu ya khareef, msimu wetu wa ukungu na manyunyu, hayahesabiki kuwa baridi?" (Mzaliwa wa Unguja, Salalah)

Waaleikum salaam kaka yangu. Yanahesabika na nimefurahi umeuliza, kwa sababu baridi hiyo inaletwa na mtu tunayemjua. Ni kusi. Upepo ule ule uliokuwa unawachukua manahodha wetu kutoka Unguja kwenda Oman, ukifika kwenu unapita kandokando ya pwani ya Dhofar na kuyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji ya chini yanapanda kuziba nafasi, ndo maana mwezi wa saba Muscat bahari ni kama supu na kwenu mtu anatetemeka na ukungu umefunika milima. Wetisuti ya milimita 3 inatosha. Ila mawimbi ya khareef hapo Salalah hayana huruma, yanavuta watu kila mwaka, picha zako pigia juu ya mwamba kwa mbali na bendera nyekundu ikiwepo usishuke. Mikanda yako iweke kwenye friji, sio ndani ya gari.

"Anti shikamoo. Maswali mawili. La kwanza, mkanda wangu niliotumiwa na binamu kutoka Norway umesafishwa hapa Mombasa na wote una ukungu ukungu, umeungua? Alikuwa amepiga mawimbi kule Lofoten. La pili, ile picha yako ya mwezi uliopita ni fremu ya ngapi?" (Kijana wa Kisauni)

Marahaba. Kama ukungu umetapakaa sawasawa au una mawimbi mawimbi mkanda mzima, naweka dau ni mashine za uwanja wa ndege. Zile mpya za kukagua mizigo ya mkononi, zinazozungusha picha ya begi pande zote, zinauchafua mkanda hata kwa kupita mara moja, na za mizigo ya chini ni mbaya zaidi. Siku nyingine aibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha, nje ya begi, na aombe kwa adabu wakague kwa mikono, au ausafishe huko huko na akuletee negativu, zikishasafishwa hakuna mashine inayozigusa. Pole sana, najua huwezi kurudia. Mimi niliwahi kupoteza mkanda mzima mikononi mwa maabara moja waliofungua kopo kabla ya wakati, na mpaka leo nakumbuka picha zilizokuwemo kuliko nyingi nilizonazo.

Na umwambie binamu mahali alipokuwa pana historia ya kupendeza. Unstad, hapo Lofoten, ni ndani ya mzingo wa Aktiki, na wa kwanza kupanda mawimbi pale walikuwa marafiki wawili mabaharia, Thor Frantzen na Hans Egil Krane, mwaka 1963, waliona mchezo huo Australia wakiwa na meli, wakarudi kwao wakachonga mbao wenyewe wakiangalia kava la santuri. Wawili hao, nyuzi za kuhesabu kwa vidole, hakuna wa kuwafundisha. Nawawaza sana nikiwa naingia majini.

Sasa fremu. Ile ni fremu ya 11. Ilikuwa Desemba, tumeingia Thurso kama dakika 20 tu, maji yamejaa, hakuna upepo, siku ambayo unaiombea mwaka mzima. Nikapiga ile ya 11, nikapiga ya 12, nikashusha kamera kama kawaida yetu na kumwita. Akainua mkono. Kidole gumba kikaenda, cha mwisho kikaja nusu ya njia kikakwama hapo. Akajaribu tena, mimi namtazama, yeye anautazama mkono wake. Kisha akageuza ubao kuelekea nchi kavu bila kusema na nikamfuata, na nyuma yetu yale mawimbi yanaendelea kuja moja baada ya jingine, safi, hayana mtu.

Mkanda ukabaki na fremu 24. Siku tisa baadae tulikuwa na harusi ya mpwa wangu Leicester, na kwa kuwa nilishaweka 1600 nikaumalizia huko ndani, hakuna haja ya taa. Kwahiyo kwenye negativu, ninayo hapa mezani naandika naitazama, fremu ya 12 ni bahari na povu lake ni jeusi, na inayofuata, ya 13, ni viganja viwili vya bibi harusi vimefunguliwa kuelekea dirishani, piko lote limegeuka jeupe.